Nguzo na mabakuli ya Kichina kwenye makaburi ya kale ya Pwani: yaliwekwa kwa ajili gani?

#1 Mdadisi_Upanga
Wakuu salaam. Ukifika Kunduchi, Kaole ya Bagamoyo, Tongoni ya Tanga, au Malindi mjini kando ya msikiti wa Ijumaa, unakuta makaburi ya matumbawe na chokaa yenye nguzo iliyopanda juu ya ukuta wa kaburi. Kuna za mviringo, za pembe nne, za pembe nane, na zenye mifuo kutoka juu hadi chini. Nyingi zina vishimo vya duara ambamo yalikaa mabakuli ya Kichina. Makaburi ya Uarabuni hayako hivyo, wala ya Uajemi. Sasa nguzo ya nini, na bakuli la nini? Mwenye hoja aje nayo na ushahidi. "Wazee walisema" peke yake haitoshi.

#2 Kipepeo_Tanga
Umeanza kwa kuwafungia wazee mlango, kisha unauliza habari za makaburi. Haya, tuone.

#3 MsomaMawe
Maelezo yaliyozoeleka kwenye maandishi ya watafiti wa zamani ni kwamba nguzo ni alama ya uume, ishara ya nguvu za marehemu, na kwamba watu wa Pwani waliichukua kwa Waoromo na jamii nyingine za bara zinazosimamisha mawe juu ya makaburi. Uislamu ukaja, mila ikabaki, ikapakwa chokaa.

#4 MvitaHalisi
#3 hapo pana tatizo la tarehe. Waoromo walianza kuisumbua pwani ya Malindi mwishoni mwa karne ya 16 na kuingia ya 17. Gedi, magofu karibu na Malindi, kuna kaburi la nguzo lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 802 + 622 = 1424. Hao Waoromo walituma nguzo mbele wakaja wenyewe baada ya miaka mia mbili?

#5 Bi_Kidaka
MvitaHalisi, hoja yako nzuri ila hesabu imekula mwereka. Mwaka wa Hijria ni wa mwezi, una siku kama 354, kwa hiyo hujumlishi 622 ukaondoka. Gawa mwaka wa Hijria kwa 33, toa jibu kwenye mwaka huohuo, ndipo ujumlishe 622. 802 gawa kwa 33 ni kama 24. 802 toa 24 ni 778, jumlisha 622 unapata 1400. Ukifuata kalenda kamili, 802 ilianza Septemba 1399, ndiyo maana vitabu vinaandika 1399. Umewasogeza watu robo karne.

#6 MwanaMtepe
Na kosa la pili: kaburi la Gedi lenye tarehe si lile lenye nguzo ya mifuo. Ni makaburi mawili, na wengi wanayachanganya kwa sababu yote yamo ndani ya magofu yaleyale. Tarehe ya moja huwezi kumvika mwenzake. Ukitaka kaburi ambalo tarehe na nguzo viko pamoja, nenda Takwa, kisiwa cha Manda. Lile lina 1094 Hijria. Fanya hesabu ya Bi Kidaka: 33, kisha 1061, kisha 1683.

#7 MvitaHalisi
Nimekubali, nimechemka mara mbili kwenye aya moja. Lakini hoja inasimama: nguzo za Pwani ni za kale kuliko hao wanaodaiwa kuzileta.

#8 MsomaMawe
Inasimama nusu. Waoromo ni kundi moja tu la Wakushi, yaani watu wa lugha za Kikushi. Mtu anaweza kusema mila ilitoka kwa Wakushi wengine waliokuwa jirani na pwani mapema zaidi, na makaburi ya nguzo yanaanzia kusini mwa Somalia kushuka hadi Tanzania. Tarehe haiui hoja yote, inaua jina tu.

#9 KayaMwitu
Mbona mnaruka hadi Somalia na Wamijikenda wako hapo hapo nyuma ya Malindi na Mombasa? Wagiriama, kabila mojawapo lao, wana vigango: mbao ndefu zilizochongwa, kichwa cha duara, mwili bapa wenye nakshi za pembetatu, anasimamishiwa mtu aliyekuwa katika chama cha Gohu. Ubao wa kumbukumbu uliosimama wima. Mtu wa mjini mwenye mawe na chokaa angefanya nini kama si kujenga kitu kilekile kwa mawe?

#10 Bi_Kidaka
Hoja nzuri, ila kigango hakisimamishwi juu ya kaburi. Kinawekwa pale ukoo unapokaa, mara nyingi muda mrefu baada ya mazishi, marehemu akishajitokeza ndotoni na kudai. Ukoo ukihama, cha zamani hakihamishwi. Nguzo ya Kunduchi au Kaole imejengwa na kaburi, juu ya ukuta wake. Kinachofanana ni kusimama wima tu, na vitu vingi duniani vimesimama wima.

#11 Kipepeo_Tanga
Mnara wa simu pia. Basi huo wa mtaani kwetu nao una mababu ndani.

#12 FundiChokaa
Tuanze na nguzo ilivyojengwa, maana watu wanatafsiri kitu wasichojua kimeundwaje. Ndani ni kifusi cha mawe ya matumbawe yaliyovunjwavunjwa, yamepangwa na chokaa nyingi. Hamna chuma, wala kwa kawaida hamna msingi wa nguzo wenyewe. Inakalia ukuta wa kaburi. Inapandishwa kwa vituo, unajenga kipande, unaacha chokaa ishike, unaongeza. Juu inapigwa lipu ya chokaa, na nakshi nzuri zinachongwa kwenye tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa bichi. Likiwa bichi linakatika kwa shoka au msumeno, likikaa hewani linakuwa gumu. Ndiyo hilohilo la mihrabu za msikiti.

Kwa sababu imekalia ukuta, ukuta ukititia upande mmoja nguzo inalala. Tongoni kuna makaburi kama arobaini, na karibu nguzo zote ziko chini. Kule Mambrui, kaskazini ya Malindi, nguzo maarufu yenye mabakuli ya Kichina ilianguka miaka ya 1930. Ukitaka kujua iliyosimama inaelekea wapi, teremsha timazi kutoka ukingo wa juu, pima umbali wa uzi na uso wa nguzo chini, andika tarehe, rudia baada ya masika. Namba ikibadilika, hapo pana kazi. Namba moja peke yake haikuambii kitu, huenda imeinama hivyo tangu enzi za babu zetu.

#13 MsomaMawe
Ahsante fundi. Kwa hiyo wewe unasema nguzo ni ya nini?

#14 FundiChokaa
Nasema ni ghali. Nguzo ya mita nne au tano inameza chokaa, na chokaa inameza kuni. Unapanga magogo duara, juu yake matumbawe, unawasha, unalinda moto, unaacha, kisha unazima kwa maji. Halafu bakuli kutoka Uchina juu yake. Mwenye uwezo huo ni mwungwana mwenye nyumba ya mawe. Nguzo inasema "sisi tulikuwa na jahazi". Hilo linanitosha, mambo ya uume wajadiliane maprofesa.

#15 ShambaLaKarafuu
Mimi napinga kidogo. Kama ni fahari tu, mbona Unguja mjini, palipokuwa na utajiri kuliko kote karne ya 19, hamna msitu wa nguzo? Makaburi ya ukoo wa Sultani pale karibu na jumba la Beit al-Sahel ni ya kawaida kabisa. Sayyid Said alianzishiwa jengo la kaburi, likaachwa halijamalizika, kwa sababu maulamaa wa Kiibadhi hawakupenda kaburi lijengewe kuba. Yaani pesa ilikuwepo, madhehebu yakasema hapana.

#16 MwanaMtepe
Hiyo inaeleza karne ya 19 na watawala wa Kiomani. Haielezi visiwa vya Zanzibar kwa jumla. Vuka uende Pemba, Ras Mkumbuu, kuna makaburi ya nguzo kando ya magofu ya msikiti, ya kale sana kuliko Waomani. Washafii wa Pwani walijenga. Waibadhi waliotawala baadaye hawakujenga. Hapo #15 uko sahihi kwa mji na umekosea kwa visiwa.

#17 ShambaLaKarafuu
Sawa, nimepokea. Ila hata kwa Washafii kujengea kaburi kuna maneno yake. Waliofanya walijua, wakafanya.

#18 Mdadisi_Upanga
Turudi kwenye mabakuli. Nimeona wanasema ni kinga ya jicho baya: bakuli linang'aa, husuda inagonga na kurudi ilikotoka.

#19 Bi_Kidaka
Hilo la husuda linawezekana, ila mabakuli hayako makaburini tu. Kilwa Kisiwani, msikiti mdogo wenye makuba una mabakuli yaliyopachikwa kwenye dari. Nyumba za Pwani zina vidaka ukutani vya kupangia vyombo vizuri. Palipotakiwa kung'aa, kuta za msikiti, za sebule, za kaburi, mtu wa Pwani aliweka chombo cha kigeni. Ukitafuta maana ya bakuli la kaburini peke yake utapotea, maana kaburi ni nyumba na limepambwa kama nyumba. Angalia kuta za makaburi mengi: zina paneli zilezile za sebuleni.

#20 KayaMwitu
Au ni chakula. Bakuli ni la kulia. Unamwekea marehemu.

#21 Bi_Kidaka
Limepachikwa ubavuni mwa nguzo, mdomo umetazama nje. Wali ungekaa vipi?

#22 KayaMwitu
Mizimu haishindwi na vitu vidogo hivyo.

#23 FundiChokaa
Jinsi bakuli lilivyopachikwa, kwa atakayekwenda kutazama. Lipu ikiwa mbichi fundi anaacha shimo la kina cha bakuli, anatia chokaa laini nyuma, anasukuma bakuli kitako mbele, anafuta ukingo kwa kidole. Chokaa inashika kile kipete cha chini ya bakuli kuliko mahali pengine popote. Ndiyo maana mwizi akija na patasi hapati bakuli. Anapata vigae vya ukingo, na kitako kinabaki ukutani. Kunduchi na kwingineko utaona kovu la duara na katikati bado kuna kitako, pengine na rangi yake. Mjinga ameharibu vyote viwili, nguzo na bakuli, na hana cha kuuza.

Na kovu tupu lina kazi yake. Chukua rula, pima duara kubwa (mdomo wa bakuli) na duara dogo (kipete), na kina. Piga picha rula ikiwa ndani ya picha. Hizo namba tatu pamoja na kipande kidogo cha rangi zinamwezesha anayejua vyombo kusema kama lilikuwa sahani pana au bakuli la kina.

#24 MsomaMawe
Naongezea kuhusu rangi. Kijani cha majani mabichi yaliyofifia, mng'ao mzito: mara nyingi ni vyombo vya Longquan ya Uchina, karne ya 14 na 15. Nyeupe yenye michoro ya buluu: enzi ya wafalme wa Ming wa Uchina na kuendelea hadi karne za baadaye. Maua ya rangi nyingi yaliyopigwa chapa, yanayojirudia sawasawa: hivyo ni vya Ulaya, karne ya 19. Onyo kubwa: bakuli linakuambia kaburi si la kale kuliko bakuli, basi. Chombo kinaweza kukaa kabatini vizazi vitatu ndipo kiende kaburini. Watu wanaona Ming wanatangaza kaburi la Ming.

#25 MvitaHalisi
Na nguzo nyingine huenda si ya kaburi kabisa. Mombasa, Mbaraki. Ile ni kubwa, mviringo, na ndani ni tupu. Iko karibu na msikiti wa kale. Kuna wanaosema ni kaburi la kiongozi wa zamani, kuna wanaosema ni alama ya wanamaji, na kuna wanaoamini ni nyumba ya pepo, hadi watu wanapeleka ubani na marashi. Nguzo moja, kazi tatu. Hoja ya uume kwenye nguzo yenye uwazi ndani sijui mtaisemaje.

#26 Kipepeo_Tanga
Tusiisemeshe, mkuu. Uzi huu watoto nao wanasoma.

#27 MwanaMtepe
Hili la alama ya wanamaji nalisikia kila mara na lina kasoro. Nguzo nyingi zimo katikati ya mji au nyuma ya msikiti, chini ya miti. Nahodha angemtazama nani? Tongoni ipo ufukweni, ndiyo, na Vasco da Gama aliichoma meli yake São Rafael maeneo hayo Januari 1499 alipokosa mabaharia wa kutosha. Lakini Gedi imo ndani, bahari huioni. Alama ya baharini usiyoiona kutoka baharini ni kichekesho.

Jambo jingine ni dira. Pwani yetu iko karibu kusini kabisa mwa Makka, kibla ni kaskazini. Maiti analazwa ubavu wa kulia akitazama kaskazini, kwa hiyo kichwa kiko mashariki na miguu magharibi. Kabla mtu hajasema "nguzo imesimama kichwani" au "miguuni", asome dira kwanza, asimame mbali na lango la chuma na gari. Nusu ya maelezo ya mtandaoni yangekufa hapo.

#28 Shela_Mvua
Mnazungumza kana kwamba haya yamekufa yote. Takwa aliyoitaja #6, watu wa Shela huvuka kwenda kuomba mvua kwenye kaburi hilo la nguzo. Mji umeachwa tangu karne ya 17, kaburi halijaachwa. Kaole nako kaburi la Sharifa linazuriwa. Kwa mwenye kuzuru, swali la "nguzo ni alama ya nini" halina uzito, muhimu ni aliyelala chini.

#29 Bi_Kidaka
Umenena. Hata Songo Mnara, kisiwa karibu na Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta kokoto nyeupe za kwati zimewekwa juu ya makaburi. Maana yake kaburi lilitembelewa na kuwekewa kitu tena na tena. Tunaangalia nguzo kwa sababu ni kubwa. Kokoto inasema habari za watu wengi zaidi.

#30 Mdadisi_Upanga
Hilo linanifikisha pa kuuliza: wasio na nguzo wako wapi? Mwungwana ana nguzo na bakuli. Mtumwa, mpagazi, mvuvi?

#31 MsomaMawe
Wako pembeni, kwa jiwe moja la kichwani au bila jiwe. Na si mambo ya kale tu. Dar es Salaam, makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola kwenye Barabara ya Bagamoyo yalianzishwa 1968, pale makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yalipohamishwa kutoka Ocean Road kupisha barabara. Sehemu walizozikwa Waafrika hazikuwa na alama ya mtu mmoja mmoja, kwa hiyo walizikwa upya kwa pamoja, kila kundi na ukuta wa kumbukumbu. Karne ya 20 hiyo, na karatasi zilikuwepo.

#32 KayaMwitu
Hapo uzi umekuwa mzito ghafla.

#33 MtunzaMagofu
Nawarudisha kwenye kazi. Kuna watu wa mitaa wenye nia njema wanataka "kukarabati" nguzo kwa saruji. Tafadhali msifanye. Tumbawe na chokaa vinapitisha unyevu, na vina chumvi ndani. Saruji haipitishi. Unyevu unatafuta njia pembeni ya kiraka, unakauka pale, chumvi inaganda ndani ya vitundu vya jiwe na kulisaga. Baada ya misimu kadhaa kiraka cha saruji kiko imara, jiwe lililokizunguka limekuwa unga. Nenda gofu lolote lililozibwa saruji utaona viraka vimetokeza kama chunjua.

Kazi ya chokaa, kwa ufupi:
Chokaa iliyozimwa na kulowekwa ikakaa miezi, mitatu angalau. Sehemu moja ya chokaa kwa mchanga sehemu mbili na nusu hadi tatu. Mchanga wa mto uliooshwa, wa baharini hapana, unaleta chumvi yake. Lowesha ukuta kwanza, jioni na asubuhi, maana tumbawe kavu litanyonya maji ya lipu papo hapo. Tabaka moja lisizidi sentimita moja. Funika gunia bichi, kivuli, nyunyizia kwa wiki nzima. Ukiacha jua lipige siku ya kwanza, lipu itapasuka na ukiisugua itatoka unga mkononi.

Mizizi: mche wa mkuyu au mwarobaini ukiota kwenye nguzo, usiung'oe. Mzizi umeshikilia mawe, ukivuta unatoka nayo. Kata shina, paka dawa ya kuua kisiki kwenye jeraha hapohapo likiwa bichi, subiri mzizi ukauke, ndipo uutoe kidogo kidogo ukijaza nyuma yake chokaa na vijiwe.

#34 FundiChokaa
Sahihi tupu. Naongeza: maandishi yaliyofifia msiyapake chaki wala unga ili yasomeke, na brashi ya waya ni jinai. Nenda jioni au na tochi, mwanga upite kwa ubavu karibu ulingane na uso wa jiwe. Herufi zitaota kivuli zenyewe. Piga picha nne, mwanga kutoka pande nne.

#35 MtunzaMagofu
Na kwa Tanzania, hata chokaa nzuri unahitaji kibali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na marekebisho ya 1979, inalinda majengo ya kabla ya 1863. Nguzo nyingi mnazozitaja zinaingia humo moja kwa moja. Piga picha, pima, peleka Idara ya Mambo ya Kale. Kenya, Makumbusho ya Taifa.

#36 MsomaMawe
Basi tumefika: Wakushi, vigango, fahari, husuda, sebule ya marehemu, nahodha asiyeona. Mimi bado niko na Wakushi.

#37 Bi_Kidaka
Nami na sebule.

#38 MvitaHalisi
Mimi sitataja tarehe tena. Ila FundiChokaa, swali moja: kovu tupu, duara la nje sentimita 15, kipete 6, kina 5, na ndani kuna ukoko wa kijani upande mmoja. Hilo ni nini?

#39 FundiChokaa
Kina hicho ni bakuli, si sahani. Kijani mng'ao mzito au kijani cha ukungu wa ukutani? Chovya pamba kwenye maji, gusa, usisugue. Ukungu utatoka kwenye pamba.

#40 Kipepeo_Tanga
Siku mbili za Longquan zinaishia kwenye pamba ya ukungu. Leteni majibu.